Mpira wa pawa: Land Rover ya ba'mdogo na injini ya Hiace

Poleni na testi, najua wengi wenu mmebanwa kama mimi. Leo siandiki kuhusu wali wa kantini wala foleni ya bumu. Naandika kuhusu mpira, na simaanishi Simba na Yanga. Ni mpira wa pawa, ile hozi inayopeleka oili kwenye usukani wa gari. Watu wa historia na Kiswahili msikimbie, nitaeleza taratibu.

Ba'mdogo wangu ana Land Rover 110 ya miaka ya themanini, ile yenye pawa. Anabeba watu na mizigo kutoka hapa Tabora mjini kwenda upande wa Urambo na vijiji vya ndani. Anabeba asali, mahindi, mbolea ya wakulima wa tumbaku, na mara nyingine anagongewa mlango usiku wa manane kupeleka mgonjwa hospitali. Huo ndio upande waliokuwa wakielekea wapagazi wa Kinyamwezi, kutoka Unyanyembe kwenda Ujiji, kila mtu na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Siku hizi barabara kubwa ina lami, lakini ukishaiacha tu ni mchanga wakati wa kiangazi na tope la mbuga wakati wa mvua. Gari hilo ndilo linalolipa sehemu ya ada yangu ambayo mkopo hauifikii. Likisimama lenyewe, na mimi nasimama.

Injini yake ya asili ilipochoka kabisa, akanunua 3L ya Toyota, dizeli ya lita 2.8, iliyotolewa kwenye Hiace. Si injini ya juzi, ila kwa gari lile ni kijana. Tena spea zake unazipata karibu kila mji wenye Hiace za abiria. Watu hudhani kazi kubwa ni kuioanisha injini na giaboksi. Kazi ipo, sikatai, lakini ile ilikwisha kwa siku tatu. Kilichotutesa ni mpira usiofika hata mita moja.

Sababu ni hii. Pampu ya pawa inafungwa kwenye injini na kuzungushwa na mkanda. Stelingi boksi limefungwa kwenye chasisi. Sasa pampu ni ya Mjapani na boksi ni la Mwingereza, na hawa wawili hawakuwahi kupangwa kukutana. Thredi hazifanani, na hata zikifanana, mdomo mmoja unakaa kwa koni na mwingine unaziba kwa oringi. Unaweza kukaza nati hadi mwisho na bado ikavuja. Bahati pekee ni kwamba wote wawili wanatumia oili ya ATF.

Fundi wa kwanza alichukua njia ya mkato. Alikata mpira wa Toyota na ule wa Land Rover, akaviunga katikati kwa kipande cha bomba na klipu mbili. Gari likawaka, usukani ukawa laini kama siagi, watu tukapiga makofi. Siku ya pili, ba'mdogo akiwa anageuza gari lenye mzigo kwenye mchanga, kiungo kikafyatuka. Oili yote ikamwagika, kidogo ikadondokea kwenye ekzosi na kufuka moshi. ATF inashika moto, na nyuma walikuwepo abiria sita. Mungu saidia, haukuwaka.

Hapa ndipo somo la fizikia linapoingia, lile la Pascal tunalofundishwa namna ya kulifundisha. Mpira wa kwenda kwenye boksi si kama mpira wa maji ya rejeta. Ukikata usukani hadi mwisho, pampu nyingi za magari zinaweza kusukuma kilo 70 mpaka 100 kwa kila sentimita moja ya mraba. Tairi ya gari dogo ina kama kilo 2 tu. Yaani ni mara 35 au zaidi ya upepo wa tairi, halafu unategemea klipu! Mpira wa presha lazima uwe na wavu wa kuuimarisha ndani, na ncha zake zibanwe kwa mashine. Klipu inafaa kwenye mpira wa kurudisha oili, kwa sababu pale presha ni ndogo, ila nao uwe mpira unaostahimili oili na joto.

Kukawa na ubishi nyumbani. Ba'mdogo alitaka fundi akaze klipu nne badala ya mbili, kwani msimu wa mizigo ulikuwa umepamba moto. Mtu mwingine akashauri pampu ing'olewe, gari liendeshwe kavu. Nikamwambia, "Ba'mdogo, pawa ikifa usukani haufi, unakuwa mzito tu. Lakini boksi lile linalainishwa na oili hiyohiyo. Ukiliendesha kavu utalinunua na boksi." Akanitazama, akasema, "Haya mwalimu, hayo ya vitabuni. Na ada yako italipwa na vitabu?" Sikuwa na jibu la haraka, nakiri.

Aliyetuokoa ni fundi mmoja mzee. Akasema tusinunue mpira wowote kabla injini haijakaa mahali pake pa kudumu. Akapima njia kwa kamba, akizungukia mbali na ekzosi, na akaacha urefu wa ziada. Injini inacheza kwenye mauntingi zake na chasisi haichezi, kwa hiyo mpira uliovutwa utang'oka tu. Kisha tukafunga zile ncha mbili za asili, ya Toyota na ya Land Rover, tukazituma Mwanza kwa basi zibanwe kwenye mpira mmoja mpya wa haidroliki. Bumu langu likachangia. Siku tisa gari lilikaa juu ya mawe. Ada ikachelewa, testi moja nikaifanya kwa kibali cha kuombaomba.

Mpira uliporudi, mzee alifunga na washa mpya za shaba. Akainua magurudumu ya mbele kwa jeki, injini ikiwa imezimwa, akazungusha usukani kushoto na kulia polepole huku mimi naongeza oili. Hapo upepo unatoka. Ukiwasha mapema oili inafanya povu na pampu inalia kama mbuzi. Baada ya kuwasha akanikataza kupapasa kutafuta uvujaji kwa mkono. Oili ya presha inatoboa ngozi. Tukapitisha kipande cha boksi la karatasi, kikabaki kikavu.

Mwezi uliopita mvua kubwa ilinyesha na ba'mdogo akaitwa usiku kumbeba mama mwenye uchungu. Njiani ilibidi ageuze gari kwenye tope, usukani umekatwa hadi mwisho, mara tatu nne. Mpira ulishika. Mtoto ni wa kike, na mama yake hajui lolote kuhusu hozi, wala hana haja ya kujua.

Kwa hiyo mdau, kama kwenu kuna gari linaloingizwa injini nyingine, wekeni fungu la mpira wa pawa kwenye bajeti tangu mwanzo, msisubiri hela ibaki. Huwa haibaki. Nami narudi kwenye maandalio ya somo, BTP inakuja, na wanafunzi watakutana na Pascal kupitia Land Rover.

Tuonane wiki ijayo. Mbarikiwe.