Mngurumo Nilioukataa
Kaka yangu aliponichezea Blackwater Park, albamu ya mwaka 2001 ya kundi la Opeth la Uswidi, niliziba masikio. Mwimbaji wao, Mikael Åkerfeldt, alinguruma mithili ya simba aliyejeruhiwa! Usiku nilibisha ukuta ili kaka apunguze sauti. Damnation ya 2003, isiyo na mngurumo hata mmoja, ndiyo iliyonilainisha. Magitaa yake yalinibembeleza. Ilinichukua miaka kuirudia ile ya awali na kugundua kuwa upole uo huo ulikuwamo tangu hapo. Kaka alikuwa keshafariki. Mwaka 2024 Opeth walitoa The Last Will and Testament, na mngurumo ukarejea katika albamu zao baada ya miaka 16. Niliisikiliza usiku, sauti juu. Hakuna aliyebisha ukuta.