Ajali Ina Kinga

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Mimi pia nilikuwa nikiutaja msemo huo kila mara bila kuufikiria. Lakini asubuhi moja ya mwezi wa Mei mwaka wa 2025, nilipokuwa Kidato cha Pili, barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba ilinifunza kwamba ziko ajali zenye kinga. Kinga yenyewe ni nyeusi, ni ya mviringo, na inauzwa dukani. Mpenzi msomaji, tulia nikusimulie.

Mjomba wangu hufanya kazi ya kuwashughulikia wenye mizigo forodhani kule Malaba. Sisi tunaishi Busia. Kutoka kwetu hadi kazini kwake ni kilomita kama 30, naye huenda na kurudi kila siku ya kazi. Gari lake ni Subaru Impreza yenye tabo. Ni kuukuu kiasi, lakini lina mbio za swara. Likinguruma tu, vijana wote wa stejini hugeuza shingo. Mimi hushukia shuleni njiani, na mama huendelea na ndugu yake hadi Malaba, ambako huwauzia madereva wa malori chai na chapati.

Asubuhi hiyo tuliondoka alfajiri na mapema. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na bado ilikuwa inanyunya. Mama alikaa mbele, ameipakata beseni ya chapati. Mimi nilikaa nyuma, nimeishika chupa kubwa ya chai kati ya magoti. Tulipopita Alupe, Mjomba alitazama saa, akakanyaga mafuta. Mama akamwambia, "Wewe, polepole. Haraka haraka haina baraka." Mjomba akacheka, "Dada, hii ni Subaru, si mkokoteni."

Hata hakumaliza kucheka. Mbele yetu palikuwa na bodaboda iliyombeba mtoto wa shule ya msingi, begi mgongoni. Bodaboda ikapunguza mwendo ghafla kulikwepa dimbwi. Mjomba akakanyaga breki. Mpenzi msomaji, gari halikusimama! Lilianza kuteleza kama sabuni bafuni. Mjomba alizungusha usukani lakini wapi! Gari lilikuwa kana kwamba linaelea. Mama alilitaja jina la Mwenyezi Mungu. Mimi nilifumba macho. Nilipoyafumbua, tulikuwa tumeegemea ukingo wa mtaro, chai imenimwagikia miguuni, chapati zimetapakaa. Bodaboda ilikuwa imesimama mbele kidogo. Yule mtoto alikuwa akitutazama tu, kidole mdomoni. Tulikuwa tumempita pembeni kwa nafasi ambayo hata mbuzi asingepenya.

Hakuna aliyeumia. Mjomba alishuka akalizunguka gari bila kusema neno. Kisha akainama, akapitisha kiganja juu ya tairi la mbele. Lilikuwa kipara kitupu!

Jioni hiyo nilifuatana naye kwa mzee mmoja azibaye pancha chini ya mwembe pale Busia. Mzee huyo hauzi matairi, kwa hiyo hana sababu ya kumdanganya mtu. Alichuchumaa, akamwita Mjomba na mimi tuangalie. Ndani ya mifereji ya tairi alituonyesha vinundu vidogo vya mpira.

"Hivi viliwekwa huko kiwandani," akasema. "Vina kimo cha milimita 1.6. Tairi mpya ina meno ya kama milimita 8. Meno yakiisha mpaka yalingane na hivi vinundu, hiyo tairi imekufa. Hii yako ilikufa zamani, bwana mkubwa, wewe ulikuwa unatembea na maiti."

Nilimuuliza, "Mzee, kwa nini wakati wa kiangazi gari lilikuwa linashika breki vizuri?"

Akanijibu kwamba kwenye lami kavu hata tairi lililoisha linaweza kushika. Kazi ya ile mifereji ni kuyasukuma maji yatoke chini ya tairi. Mifereji isipokuwepo, na gari likiwa mbioni, maji hukosa pa kwenda. Hujikusanya chini ya tairi na kuliinua. Hapo breki na usukani ni bure, kwa sababu tairi haligusi barabara. Tena akaniambia nifungue kiganja. "Kila tairi inagusa barabara kwa nafasi kama hiyo tu. Gari nzima, watu wote na mizigo yao, wanashikwa na viganja vinne." Maneno hayo yaliniingia hadi kwenye mifupa.

Matairi mengine yalikuwa na makosa tofauti. La nyuma kushoto lilikuwa na uvimbe ubavuni, kama mtu aliyeumwa na jino. Mzee akasema uvimbe huo ni wa shimo. Aliyemuuzia Mjomba gari hili alikuwa ameondoa rimu za inchi 16, akaweka za inchi 17 zinazometameta, na matairi yenye ubavu mfupi. Akatufungulia mlango wa dereva, akatuonyesha kibandiko cha kiwandani. Kilikuwa kimeandikwa 205/55R16. Kwenye matairi yaliyokuwapo paliandikwa 215/45R17.

Hapo ndipo nilipojifunza kuisoma lugha ya matairi. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, nacho ni asilimia ya ule upana. Herufi R yaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na namba inayoifuata ni inchi za rimu. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari langu. Asilimia 55 ya 205 ni kama milimita 113. Asilimia 45 ya 215 ni kama milimita 97. Kumbe kwa ajili ya urembo Mjomba alikuwa amepoteza milimita 16 za mpira na hewa kati ya rimu na mashimo ya barabara!

Siku iliyofuata Mjomba alinitaka tuandamane madukani. Alikuwa na shilingi 30,000. Hapa sina budi kueleza jambo moja. Mjomba ndiye anayenilipia pesa za chakula cha mchana na ada nyingine za shule, na katika hizo 30,000 zilikuwemo 6,500 zangu za muhula wa pili. Mimi nilijua. Yeye alijua kwamba najua. Hakuna aliyelitaja.

Kwanza alitaka kununua mawili tu ya mbele. Mzee wa pancha alikuwa amekwisha kumwonya. Gari la namna hii huvuta kwa magurudumu yote manne. Ukiweka mawili mapya na mawili yaliyoisha, yale yaliyoisha huwa madogo kidogo, kwa hiyo huzunguka mara nyingi zaidi. Difu ya katikati hubaki ikivutana bila kupumzika mpaka iharibike. Kwa hiyo ni manne kwa mara moja, ya aina moja, au usinunue.

Duka la kwanza lilikuwa na matairi ya mitumba, 3,500 kila moja. Manne ni 14,000. Nakiri kwamba moyo wangu uliruka kwa furaha, maana ada yangu ingebaki salama. Lakini mpira ulikuwa na nyufa nyembamba kama udongo wa mto uliokauka, na hakuna aliyejua yalikopitia.

Duka la pili lilikuwa na matairi ya inchi 17, meusi tititi, yakimetameta. "Mpya kabisa, boss! Hii ukifunga, Malaba nzima itakujua. Elfu saba tu moja." Mjomba alitabasamu. Niliona jinsi alivyoyapapasa. Mimi nikapiga magoti, nikatafuta alama ambayo Mzee alikuwa amenionyesha. Baada ya herufi DOT huja herufi na tarakimu nyingine, na mwishoni pana tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Nikasoma 1116. Wiki ya 11 ya mwaka wa 2016! Matairi yale yalikuwa yamelala stoo miaka tisa. Mpira huzeeka hata usipotembea, na watengenezaji wengi wanashauri tairi lisitumike zaidi ya miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama meno yake bado marefu.

Nilisita. Mtoto kumsahihisha mtu mzima mbele ya mwenye duka si adabu kwetu. Lakini nilimkumbuka yule mtoto wa bodaboda. Nikamvuta Mjomba shati, nikamnong'oneza. Akainama akasoma mwenyewe. Mwenye duka akasema, "Huyu mtoto anajua nini? Tairi si maziwa, haiwezi kuganda." Mjomba akamshukuru kwa upole, tukatoka. Ama kweli, si vyote ving'aavyo ni dhahabu.

Duka la tatu lilikuwa na 205/55R16 91V, na mwisho wa alama yake ni 4124, yaani wiki ya 41 ya mwaka wa 2024. Hiyo 91 maana yake tairi moja linaweza kubeba kilo 615. V maana yake limejengwa kustahimili mwendo hadi kilomita 240 kwa saa. Mjomba hana pa kukimbilia mwendo huo kati ya Busia na Malaba, na mjini mwisho ni 50. Lakini Mzee alituambia herufi hiyo isiwe chini ya ile ya kiwandani, kwa sababu inaeleza pia jinsi tairi linavyovumilia joto. Palikuwa na mengine ya michezo, yenye mpira laini sana. Hayo hushika vizuri kama gundi, lakini kwa mtu wa kilomita 60 kila siku yangeisha upesi. Tukayaacha.

Bei ilikuwa 9,500 kila moja. Manne ni 38,000. Mjomba alizibadilisha zile rimu zake za kumetameta na kijana mmoja aliyekuwa na za inchi 16, akaongezwa 6,000. Kusawazisha magurudumu na kunyoosha mwelekeo wake ni 2,000. Jumla ikawa 34,000. Mama akamkopesha 4,000 za chama chake. Mjomba hakubaki hata na ndururu.

Usiku huo aliniita nje. "Mpwa wangu, ada yako nimeila." Nikamjibu, "Si neno, Mjomba." Lakini msomaji, nisikudanganye. Nililala nikilia.

Kesho yake alikuja dereva wa Probox. Alikuwa amesikia kwamba Mjomba ana matairi ya kutupa. Alimwambia kuna ndugu yake mwenye rimu za inchi 17 ambaye angeyachukua yote manne, hata lile lenye uvimbe, 1,500 kila moja. Mimi nilikuwa naosha vyombo kando. Akili yangu ilipiga hesabu mara moja. 6,000! Zimebaki mia tano tu. Nilimwomba Mungu Mjomba akubali. Naandika haya kwa aibu. Mimi niliyesoma 1116, mimi niliyelowa chai, niliomba matairi yale yaende chini ya gari la mama wa mtu mwingine ili nisirudishwe nyumbani.

Mjomba alinyamaza kidogo. Kisha akaingia jikoni, akatoka na kisu, akalichoma ubavuni tairi la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Yule dereva akaondoka akinung'unika kwamba watu wengine wana roho mbaya. Mjomba akasema tu, "Ile barabara tunaitumia sisi sote."

Siku ya Jumatatu jina langu lilisomwa, nikarudishwa nyumbani. Nilikaa wiki mbili. Rafiki yangu alikuwa akiniletea madaftari yake jioni, nami nikanakili kwa taa. Katika mtihani wa katikati ya muhula nilishuka nafasi tisa. Hiyo ndiyo bei yangu, na sikuifurahia. Lakini mvua iliponyesha tena, tulipita pale pale baada ya Alupe. Mjomba alikanyaga breki, na gari likasimama pale alipotaka lisimame. Mama hakumwaga hata tone la chai. Akanitazama kwenye kioo, akatikisa kichwa.

Sasa kila Jumapili asubuhi, kabla gari halijatembea na matairi yangali baridi, mimi ndiye ninayepima upepo. Yale ya zamani yako nyuma ya jikoni. Mama ameyajaza udongo, akapanda vitunguu. Nikiyapita huwa nageuza uso, kwa sababu bado naikumbuka dua yangu ya siku ile.

Wenzangu, mwendapo nyumbani leo, msiangalie kama matatu ina rangi nzuri au muziki mkubwa. Inameni kidogo, mtazame viganja vinne vitakavyowashika. Mkiona kipara, subirini nyingine. Mtachelewa, na huenda mkaadhibiwa. Hata mimi nilichelewa wiki mbili.