Benchi la Tatu, Upande wa Akina Mama

Jumapili ya kwanza baada ya kumzika bibi nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali wanapokaa wanaochelewa. Kutoka pale niliweza kuliona benchi lake, la tatu kutoka mbele, upande wa akina mama. Wenzake walikuwa wamekaa kama siku zote, lakini pembeni, pale alipozoea kuegemeza fimbo yake, waliacha nafasi ya mtu mmoja. Sidhani kama kuna aliyewaambia. Kanisa lilijaa hata vijana wakasimama ukutani, na nafasi ile ikabaki wazi mpaka baraka ya mwisho.

Mzee wa kanisa aliposoma matangazo, alitaja waliobatizwa, waliotangaziwa ndoa, kisha jina la bibi. Akasema usharika umempoteza mmoja. Niliiwazia sana ile hesabu. Usharika wetu wa Old Moshi hauna upungufu wa watu. Tulianza kama mtaa, tukiwa chini ya mwinjilisti mmoja, watu wakitembea hadi Kidia kwa ajili ya meza ya Bwana. Tukakua, tukapewa hadhi ya usharika, tukabomoa kanisa dogo na kujenga hili. Kwenye vitabu vya ofisini kila mwaka majina yanaongezeka. Hata hivyo siku ile nilihisi tumepungukiwa na kitu ambacho wabatizwa ishirini wasingeweza kukijaza.

Bibi alikuwa na kitabu cha nyimbo cha Kichagga, kile cha Kimochi chetu, alichokifunga kwenye kipande cha khanga. Gamba lilikwisha kutoka zamani, na kona za kurasa zilikuwa nyeusi kwa moshi wa jikoni na kwa vidole vyake. Katika ibada ya Kiswahili aliimba pamoja na wengine bila tatizo. Lakini mahali fulani katikati ya ubeti ulimsikia akihama. Midomo yake iliyarudia maneno ya utotoni, na sauti yake nyembamba ikapita chini ya sauti za watu wote kama maji ya mfereji yanavyopita chini ya migomba. Wenzake wawili watatu wakamfuata. Tukiwa watoto tulidhani wanakosea wimbo.

Imani haikufika kwetu siku moja, tena haikuja peke yake. Wamisionari wa Kiingereza walikuwa wametangulia Moshi, wakaondoka mwaka 1892, wakati wa vita kati ya Mangi Meli, mtawala wetu, na Wajerumani. Mwaka uliofuata Misheni ya Leipzig ya Ujerumani ilianza kazi Machame, ikaenda Mamba, na mwaka 1896 ikafungua kituo hapa kwetu. Miaka minne baadaye, tarehe 2 Machi 1900, serikali ya Wajerumani ilimnyonga Mangi Meli pamoja na wenzake 18. Kichwa chake kinaaminika kuwa kilipelekwa Ujerumani, na wajukuu wanakitafuta mpaka leo. Baba yake bibi alikuwa mtoto mdogo siku zile. Kengele iliyomwita darasani na jeshi lililomnyonga mangi wake vilitoka nchi moja. Nimejaribu mara nyingi kufikiri alivyoweza kubeba yote mawili ndani ya kifua kimoja, akabatizwa, akawabatizisha watoto wake, na asiache kumlilia Meli. Bibi alisema baba yake hakuwahi kulizungumzia jambo hilo mbele ya wageni.

Kisha alikuja mmisionari Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi kwa miaka mingi, hadi alipoondoka mwaka 1938. Wazee wetu bado wanamtaja kana kwamba aliondoka juzi. Yeye aliamini Mchagga asing'olewe kwenye ukoo wake, ujirani wake na rika lake ili awe Mkristo, na kwamba amsikie Mungu kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo. Ndiyo maana watu wetu waliendelea kumwita Mungu Ruwa, jina walilomwita mababu, ambalo pia ndilo jina la jua. Agano Jipya alilolitafsiri kwa Kimochi lilitoka mwaka 1939. Aliandika pia, kurasa kwa kurasa, mafundisho ambayo wazee waliwapa vijana walipoingia utu uzima. Maelezo yake aliyaandika kwa Kijerumani. Leo kijana wa Old Moshi anayetaka kuelewa maelezo yale, inabidi kwanza ajifunze lugha ya watu waliomnyonga Meli. Jambo hili huniuma, ingawa bila yule mzee na daftari lake pengine tusingekuwa na hata hayo.

Mara mbili vita vya dunia viliwaondoa wamisionari. Mwaka 1920 Wajerumani walifukuzwa, na Walutheri wa Marekani wakaja kusaidia. Wajerumani walirudi baadaye, na vita vya pili vikawaondoa tena. Kila mara walimu na wainjilisti wetu ndio walioshika kanisa. Bibi alikumbuka baba yake akitoka alfajiri na Biblia kwapani, miguu peku, kwenda kuongoza sala bondeni. Ilipofika tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na Askofu Stefano Moshi, mtoto wa mlima huu, akawa mkuu wake wa kwanza. Lugha ya kuunganisha Mchagga, Mhaya, Mmeru na Mnyakyusa ilikuwa Kiswahili. Isingewezekana vinginevyo. Leo Walutheri nchini wanahesabika kwa mamilioni, na siwezi kusema kwamba ningependa iwe tofauti.

Lakini kukua kuna bei yake, na aliyeilipa ni yule mama wa benchi la tatu. Alilipa bila kulalamika. Mke wa mwalimu mgeni alipohamia kwetu kutoka Kagera, bibi ndiye aliyempokea, akamfungulia kitabu cha Kiswahili na kumwonyesha namba ya wimbo kwa kidole. Jumapili zilizofuata aliimba kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, ili mgeni asijione mpweke.

Siku ile baada ya ibada tulitoka nje kwenye mnada. Zilikuwepo sadaka za kawaida: mayai kwenye kikapu, jogoo aliyefungwa miguu, maziwa ndani ya kibuyu, parachichi. Mwisho mzee wa mnada akainua mkungu wa ndizi uliotoka kwenye kihamba cha bibi, shamba lake la nyumbani. Shangazi alikuwa ameuleta asubuhi, kwa kuwa bibi mwenyewe alishautenga kabla hajalala. Bei ilipanda upesi. Yule mama wa Kagera, ambaye sasa naye ana wajukuu, alitaja bei, akaiongeza, akaiongeza tena mwenyewe kabla mtu mwingine hajasema neno. Aliulipia, akamwekea shangazi mkungu ule mikononi, akasema wapikiwe waliobaki msibani.

Jioni nilishuka kihambani na kile kitabu. Kaburi lilikuwa bado udongo mwekundu, na masale yaliyopandwa kichwani yalikuwa yamenyauka kidogo kwa jua. Nilifungua mahali palipochakaa zaidi. Herufi nazifahamu zote. Nilianza kusoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa kipaimara aliyeitwa mbele bila kujiandaa, na nilijisikia mwenyewe kwamba sauti inapanda panapotakiwa kushuka.

Shangazi alikuwa jikoni akimenya zile ndizi. Nilipofika mstari wa tatu aliita kwa nguvu kupitia dirisha, akalitamka neno moja jinsi linavyotamkwa. Nikalirudia. "Bado," akasema, akalitamka tena.

Nikalirudia.

Kimya kidogo. Kisha nikasikia kisu kikiwekwa chini na mlango wa jikoni ukifunguliwa.