Picha Isiyo na Dawa

Tumbo linaloumwa ni kama nyumba iliyofungwa: aliye nje hajui kilichomo. Mashine ya CT, iliyoanza mwaka wa 1971 kwa kupiga picha ya kichwa cha mgonjwa mjini London, leo huwaonyesha madaktari yaliyomo tumboni pasipo kupasua. Mara nyingi mgonjwa hutiwa mshipani dawa yenye iodini ili picha iwe wazi.

Nilipopatwa na maumivu makali ya ubavu, nilipigwa picha bila ya dawa hiyo, na jiwe la figo likaonekana jeupe, dhahiri. Nilishukuru, lakini bahati ya mmoja si sheria ya wote. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka wa 2023, juu ya wagonjwa 201 wenye maumivu ya tumbo, ulionyesha kwamba bila ya dawa usahihi wa picha ulipungua kwa kadiri ya 30 kwa mia. Damu inayovuja, au utumbo uliokosa damu, huweza kujificha.

Hata hivyo, dawa yenyewe yataka hadhari kwa mwenye figo dhaifu au aliyewahi kudhurika nayo. Basi ukiulizwa hospitalini habari za mwili wako, sema kweli upesi, maana daktari huchagua kwa kulitegemea jibu lako.