Gari Lilipouzwa Barazani

Gari la kwanza kuingia katika ukoo wetu lilinunuliwa barazani. Ilikuwa Mji wa Kale, Mombasa, katikati ya miaka ya 1980, nami nilikuwa bado mtoto wa chuoni. Ami yangu alitaka gari la kumpelekea bibi hospitalini, na la kuwachukua wanawake wa nyumbani panapokuwa na harusi ng'ambo ya Nyali. Hakutazama gazeti wala hakwenda kwenye duka la magari. Baada ya swala ya alasiri aliwaambia wenzake nje ya msikiti kwamba anatafuta gari, na kabla ya isha alikuwa amekwisha kuletewa habari za Datsun 120Y ya karani mmoja wa bandarini, mkaazi wa Makadara.

Karani yule alitufikia kwa miguu. Gari aliliacha Ndia Kuu, kwa kuwa vichochoro vya Kibokoni havikuwa na mahali pa kuligeuzia. Akakaribishwa, akamiminiwa kahawa, akauliza hali za wagonjwa na za watoto. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Sikufichi, ndugu yangu. Gari yavuja mafuta kwa chini, na gia ya pili ni nzito asubuhi. Mlango wa nyuma umeingia kutu. Lakini injini ni nzima, naijua mwenyewe." Bei ilitajwa baada ya hapo. Ami aliomba apunguziwe kwa ajili ya ile kutu, akapunguziwa. Wazee wawili wa mtaa wakawa mashahidi, pesa zikahesabiwa juu ya mkeka, na siku zilizofuata wakaenda pamoja kumalizia karatasi za usajili.

Nilikua nikiamini kwamba hivyo ndivyo magari yanavyouzwa popote. Sasa nina mvi. Nimenunua na kuuza magari kisiwani humu katika kila zama zilizofuata, na nilichokiona ni hiki: magari yamezidi kuwa mazuri mwaka hata mwaka, na muuzaji amezidi kuwa mgeni.

Wakati ule magari yalikuwa machache. Kuagiza gari kutoka nje kulihitaji leseni na fedha za kigeni, na vyote viwili vilikuwa mikononi mwa serikali. Mengi ya magari mapya yaliunganishwa humu nchini, na tangu miaka ya 1970 Mombasa ilikuwa na kiwanda chake, Associated Vehicle Assemblers. Gari likishatoka dukani lilizunguka baina ya watu waliojuana: kutoka kwa daktari kwenda kwa mwalimu mkuu, kutoka kwa mwalimu mkuu kwenda kwa mwenye duka Bondeni. Namba yake ya usajili ilijulikana mtaani. Fundi aliyelifungua injini alijulikana, na ajali liliyoipata pale Makupa ilikumbukwa. Aliyetaka kuficha aibu ya gari lake angewaficha watu ambao wengine wao walilisukuma siku lilipozimika.

Na muuzaji alijua kwamba mnunuzi hamkimbii. Wangekutana Ijumaa msikitini, wangekutana Marikiti wakinunua viungo, na huenda siku moja watoto wao wangeoana. Hofu ya kuaibika ilifanya kazi kubwa, na imani ilifanya kazi kubwa zaidi. Chuoni tulisomeshwa kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini ni maji, na namna alivyomkemea mwenye mali kwa kuuficha ule umajimaji chini ya nafaka kavu. Tukafundishwa pia kwamba katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo pwani hii, muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kuvunja biashara maadamu hawajaachana katika kikao kile, na kwamba kitu kikidhihirika kuwa na kasoro ya tangu kwa mwenyewe wa kwanza, mnunuzi ana haki ya kukirudisha. Hayo hayakuwa masomo ya kukariri tu. Niliyaona yakitendeka barazani kwetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ikafunguliwa. Leseni za kuagiza bidhaa ziliondolewa, fedha za kigeni zikaachiwa soko, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika, mengine yakipitia Dubai. Sisi vijana tulikuwa tukikaa Lighthouse jioni, tukila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, tukitazama meli za magari, ndefu zisizo na madirisha, zikikata mkondo kuingia Kilindini. Nakumbuka furaha yetu. Kijana wa kazi ya kawaida aliweza sasa kuota gari. Walimu na wauguzi walijifunza kuendesha, na binti aliyezoea kungoja matatu Saba Saba akawa na usukani wake. Siungani na wanaosema kwamba magari hayo yalikuwa balaa. Yalikuwa neema, na serikali ikayawekea mpaka: kiwango KS 1515 cha mwaka 2000 kinataka gari linaloingia lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, nalo likaguliwe kabla ya kupakiwa.

Lakini kwa wingi ule, gari lilipoteza historia yake. Namba za KAA zilizoanza mwaka 1989 zilikimbia herufi baada ya herufi. Kufikia 2007 tukawa KBA, na mwaka 2020 tukaingia KDA. Hakuna tena aliyejua gari la nani ni lipi. Hapo akaingia kati dalali. Dalali si mtu mpya Mombasa, kwani nyumba na majahazi yameuzwa na madalali tangu zamani, na dalali mwema anastahili haki yake. Lakini wa zamani alikukutanisha na mwenye mali. Huyu wa magari alifanya kila juhudi usikutane naye. Nilipotafuta gari langu la kwanza, Toyota Corolla, niliongea na watu wengi, na kila mmoja alikuwa akiuza kwa niaba ya mwingine ambaye naye aliuza kwa niaba ya mwingine. Kila mkono ulipandisha bei, na hakuna mkono uliojua kama gari lile limewahi kugongwa.

Kisha ikaja simu. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na miaka michache baadaye matangazo ya magari yakajaa kwenye intaneti. Mwanzo nilishukuru, nikidhani kwamba sasa nitazungumza na mwenye gari uso kwa uso. Nilichokutana nacho ni sauti. Unapiga, unaambiwa, "Gari iko safi boss, ni ya mama mmoja, anaendanga nayo kazini tu." Unauliza kuhusu kitabu cha gari, unaambiwa kipo. Unauliza kiko kwa jina la nani, simu inakatika. Ukiomba bei ya mwisho, unapewa moja, ukivuka feri kwenda kulitazama Likoni, unakuta bei imepanda kwa sababu "kuna mtu mwingine anakuja nayo cash." Na kabla hujaliona hata gari lenyewe unaombwa utume arubuni ili "ushikiwe."

Wengi walipenda tukutane jua likishakuchwa. Mwanga wa taa za barabarani hauonyeshi tofauti ya rangi ya kiwandani na rangi ya juzi. Wengi walifika injini ikiwa moto, na injini iliyokwisha kupashwa haitoi ule moshi wa asubuhi wala ile tabia ya kugoma kuwaka. Bodi liling'aa. Fundi wangu, mzee aliyekulia gereji, hakushughulika na mng'aro. Alipitisha sumaku ndogo chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu, na pale iliposhindwa kunata alijua kwamba chini hapana bati, pana puti. Hewa ya chumvi ya kisiwa hiki hula chuma kimyakimya, na gari lililolala miaka mingi karibu na bahari huoza kuanzia chini, mahali mnunuzi asipotazama. Muuzaji mmoja alipomwona fundi akilala chini kutazama chesesi, alipandisha vioo akaondoka bila kuaga.

Kilichoniumiza moyo zaidi kilikuwa karatasi. Gari zuri kabisa, bei ya haki, muuzaji mpole, kisha inadhihirika kwamba kitabu kina jina la mtu aliyefariki, na yule anayeuza aliwahi kulinunua kwa marehemu bila kubadilisha jina. Au mwenye jina yuko Qatar, na anayeuza ni shemeji yake asiye na hata barua. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamhesabu yule aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na inataka mmiliki mpya asajiliwe ndani ya siku 14. Lakini mji umejaa magari yaliyopita mikono mitatu au minne huku kitabu kikibaki pale pale. Kila mmoja alikwepa ada kidogo, na mzigo wote unamwangukia wa mwisho: warithi wakija, au gari likihusishwa na tukio, yeye ndiye wa kujieleza. Pana pia magari ambayo yamewekwa rehani kwa mkopo, na mengine yaliyopaswa kupitia tu Mombasa yakielekea nchi jirani, yakauzwa humu bila ushuru kulipwa.

Lazima niseme kwamba serikali imeziba mianya mingi. Tangu usajili ulipokabidhiwa NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, mtu anaweza kutafuta rekodi za gari kwa njia ya mtandao akajua ni la nani. Uhamisho huanzishwa na muuzaji katika akaunti yake mwenyewe, na huduma hizo sasa ziko kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen. Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika ilileta sajili ambamo unaweza kuangalia kama gari linadaiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na daftari sasa lipo.

Hata hivyo daftari halisemi kwamba gia ya pili ni nzito asubuhi. Wala sheria haisemi. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humkinga kwa sehemu anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa ya aina hiyo. Anayenunua kwa mtu binafsi kinga hiyo haimfikii, na anatakiwa kujiangalia mwenyewe. Uongo wa wazi unaweza kushtakiwa, lakini kunyamaza ni vigumu kukushika. Kwa hivyo mahali palepale ambapo zamani palikuwa na usalama mkubwa zaidi, yaani kununua kwa jirani, ndipo leo penye hatari kubwa zaidi. Yule mfanyabiashara mwenye yadi angalau utamkuta kesho. Mtu binafsi akishabadilisha laini ya simu amekwenda zake.

Nami nimekuwa upande wa pili pia. Nilipouza Corolla yangu nilionja adha za muuzaji: wanaokuja kutazama bila nia ya kununua, wanaotaja bei ya matusi, madalali wanaonakili tangazo lako na kulipandisha bei. Nikaelewa kwa nini muuzaji huchoka akakata simu. Lakini nilikuwa nimeamua kuuza kama nilivyoona kwetu. Katika tangazo niliandika kwamba shokamzoba za mbele zimechoka, kwamba mlango wa kushoto umewahi kunyooshwa baada ya kugongwa na tuktuk, na kwamba kitabu ni cha jina langu. Jamaa zangu walinicheka, wakasema nitakaa nalo. Alilichukua mwalimu mmoja wa Likoni. Alikuja mchana, na fundi wake, akakuta kila kitu kama kilivyoandikwa, akalipa bei ya karibu sana na niliyoitaka. Tulihamisha jina kabla hajaondoka. Mpaka leo hunipigia simu siku ya Idi.

Hilo limenithibitishia kwamba uaminifu wa barazani haukufa kwa sababu ya Wajapani, wala simu, wala wingi wa watu. Unakufa kila tunaponyamaza juu ya kasoro tunayoijua, na hufufuka mara moja tunapoitaja.

Kwako mnunuzi, nakusihi: usitume arubuni kwa gari ambalo hujaliona na mwenyewe ambaye hujamwona. Tafuta rekodi kwanza. Nenda mchana, na fundi wako, injini ikiwa baridi. Mtake muuzaji akuonyeshe kitambulisho kinacholingana na kitabu, na usiondoke bila uhamisho kuanzishwa. Akikataa lolote kati ya hayo, rudi nyumbani; magari hayajaisha Mombasa.

Na kwako muuzaji mwenzangu, hasa wewe uliyelelewa kisiwani humu ukasoma chuo tulichosoma: taja aibu ya gari lako kabla hujataja bei. Pesa utakazopunguza ni chache, na aliyenunua kwako atakuwa akiwabeba watoto wake ndani ya gari hilo.