Vyungu vya Mwakirunge

Ukitoka Bamburi kwenda bara, nyumba zinapungua na minazi inazidi. Malori ya taka yanakupita kwa kishindo, yakielekea jaa la Mwakirunge, ambako uchafu wa Mombasa humwagwa. Harufu ya plastiki inayoungua inakufikia kabla hujaliona lundo lenyewe.

Nilikata njia ya miguu nikaingia uani kwa mama mmoja mfinyanzi. Chini ya mwembe vyungu vilipangwa kwa ukubwa: nyungu za kuenea kuku mzima, mitungi ya maji, vikaango vya vibibi, na vyetezo vya udi vinavyokaa kiganjani. Hewa ilinukia udongo mbichi na jivu.

Gurudumu hakuna. Mama alikanda donge la udongo uliochanganywa na mchanga, akalididimiza kwa ngumi, kisha akaongeza ukanda juu ya ukanda. Chungu kilikaa pale pale; aliyezunguka ni yeye, ameinama, mkono mmoja ndani na mwingine nje. Gunzi la hindi likakwangua, kombe likalainisha. Kwa ncha ya kijiti akachora pembetatu shingoni, moja baada ya nyingine, bila kupima. Pembetatu za namna hiyo zimo kwenye vigae vilivyofukuliwa Shanga, kisiwani Pate, vya karne ya 8 na ya 9.

"Chungu hakiharakishwi, mwanangu," aliniambia. "Kikiingia motoni na maji, kitapasuka."

Ndiyo maana hukauka kivulini siku kadhaa, kisha huchomwa peupe kwa kuni, makuti na vifuu. Kwenye jivu la moto uliopita niliona magae ya nyungu mbili. Kuchimba udongo, kuubeba, kuufinyanga: jasho lote hilo lilikwisha kwa mlio mmoja. Hasara hiyo ni yake peke yake. Mnunuzi haioni anaposimama hapo akiomba apunguziwe.

Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga, na kwa bei tunazotoa ataendelea kulia humo. Kifungu cha 11 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaka serikali ikuze sanaa na utamaduni. Ni agizo zuri, lakini sisi pia tuna sehemu yetu. Samaki wa nazi aliyepikwa chunguni tunamsifu. Maji ya mtungini tunayajua utamu na ubaridi wake. Basi tununue vyungu tuvipikie, na tulipe bei aliyotaja mwenyewe. Hoteli zilizo pwani ya Bamburi na Shanzu, ambazo hupenda mapambo ya Kiafrika, ziagize hapa, na zimtaje aliyevitengeneza.

Binti wa mama huyo alikuwa kando yake na sare ya shule, akimsogezea maji. Kukanda anajua tayari, na vidole vyake ni vyepesi. Ataishika kazi hii iwapo ataona chungu kinalipa karo.