Yoko Ono, mwandishi wa programu

Ukitaja Yoko Ono, wengi watakwambia "mke wa John Lennon", na wakali zaidi wataongeza kwamba ndiye aliyevunja Beatles. Mimi naona alikuwa mwandishi wa programu. Msinicheke bado.

Mwaka wa 1962, katika kituo cha sanaa cha Sogetsu jijini Tokyo, alifanya maonyesho ya picha yasiyo na picha. Ukutani palikuwa na karatasi zenye maagizo ya Kijapani ya namna ya kuziunda. Hata mwandiko haukuwa wake. Ulikuwa wa mumewe wa wakati huo, mwanamuziki Toshi Ichiyanagi. Yaani ni msimbo mtupu! Msomaji ndiye tarakilishi: aweza kuutekeleza kwa mikono, au kichwani tu. Mwaka wa 1964 maagizo hayo yakawa kitabu, Grapefruit, nakala 500.

Mwaka huohuo mjini Kyoto akaonyesha Cut Piece. Aliketi jukwaani, kimya, mkasi mbele yake, watazamaji wakaalikwa kuja mmoja mmoja kukata kipande cha nguo zake. Iko filamu ya onyesho la New York la 1965. Wa kwanza wanakata kwa adabu. Kisha anakuja kijana mmoja anayekata hadi kamba za sidiria, naye Yoko anajifunika kwa mikono. Kila niitazamapo filamu hiyo hunikosesha raha. Sisi hukagua kila kitu mtumiaji anachoingiza, maana tunamjua. Yeye pia alimjua, na mlango akauacha wazi.

Tate Modern ya London ilimfanyia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake mwaka wa 2024, zaidi ya kazi 200: filamu, muziki, maagizo. Ninayoipenda ni sataranji ya 1966 ambayo vipande vya pande zote mbili ni vyeupe. Jaribu kumla mpinzani usiyeweza kumtofautisha na wewe!

Na tukirudi kwa "mke wa Lennon": wazo la wimbo Imagine wa 1971 lilitoka kwenye Grapefruit. Lennon mwenyewe alikiri mwaka wa 1980 kwamba jina la Yoko lilistahili kuwa pale. Sisi wa programu huria tungeuita huo wizi wa msimbo. Kutambuliwa kwake kama mtunzi mwenza kulitangazwa mwaka wa 2017, akiwa na miaka 84.